Bega Bovu na Milioni Kumi na Mbili

Tarehe 18 Januari mwaka 2011, mwanamume mmoja wa miaka 32 huko Marekani aliacha kazi. Hilo peke yake si habari. Watu wanaacha kazi kila siku, na wengine wanaachishwa. Habari ni kwamba alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa mkataba, mwaka huo ulikuwa na thamani ya dola milioni 12, na ili azipate hakutakiwa kufanya lolote zaidi ya kuwa mgonjwa. Na mgonjwa alikuwa kweli. Akasema hapana, hizo sijazifanyia kazi, akabaki zake nyumbani Louisiana.

Jina lake Gil Meche. Kazi yake ilikuwa kurusha mpira katika mchezo wa besiboli.

Nilipoisimulia habari hii kijiweni, washikaji walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. "Huyo chizi," akasema. "Milioni kumi na mbili za dola? Mimi ningekwenda kuzichukua hata na machela!" Mwingine akasema si lolote, jamaa alishashiba, na aliyeshiba haoni shida kusogeza sahani. Wa tatu, ambaye huwa haongei sana, akasema yule ndiye mwanamume, sisi wengine tunavaa suruali tu. Tukabishana mpaka muuza kahawa akafunika birika lake. Mimi niliondoka na mawazo, kwa sababu nilijikuta siko upande wa yeyote kati yao, na ninaandika hapa ili nijue niko wapi hasa.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe, maana wengi wetu besiboli tumeiona kwenye sinema tu. Mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo, mita 18 na kitu kutoka kwa mpinzani mwenye gongo, na kumrushia mpira kwa kasi inayofika kilomita 150 kwa saa. Usifikiri ni kama kuangua embe kwa jiwe. Mkono unazungushwa kwa nguvu ambazo bega na kiwiko havikuumbwa kuzibeba, karibu mara mia katika mchezo mmoja, kisha mtu anapumzika siku nne na kuanza upya. Warushaji wengi huharibika. Klabu inajua, mchezaji anajua, na hata mtazamaji mwenye bisi mkononi anajua kwamba pale kinachouzwa ni mkono wa mtu, kidogo kidogo, mpaka uishe.

Meche alizaliwa mwaka 1978 Lafayette, Louisiana. Seattle Mariners walimchukua mwaka 1996, akiwa ndiyo kwanza anatoka sekondari, na mwaka 1999 akaingia ligi kuu. Bega lilianza kumsumbua mapema: akafanyiwa upasuaji, na misimu miwili mizima, 2001 na 2002, hakurusha hata mpira mmoja katika ligi kuu. Akarudi mwaka 2003 na kuandikiwa ushindi mara 15. Hakuwa nyota wa kubandikwa ukutani. Alikuwa mtu wa kutegemewa kiasi, wa aina ile ambayo kila timu inayo na hakuna anayemkumbuka. Kwa hiyo Desemba 2006, Kansas City Royals, ambayo wakati huo ilikuwa miongoni mwa timu dhaifu kabisa, ilipompa mkataba wa miaka mitano kwa dola milioni 55, watu walicheka. Fedha zote zile kwa huyu?

Kichekesho kiliishia hapo kwa muda. Mwaka 2007 na 2008 alianza michezo 34 kila msimu, yaani hakukosa zamu. Mwaka 2007 aliteuliwa kwenye mchezo wa nyota wa ligi, mwaka 2008 akaandikiwa ushindi mara 14. Waliomcheka wakanyamaza. Kisha ukaja Juni 2009. Katika mchezo dhidi ya Arizona alirusha mipira 132, akaumaliza mchezo mwenyewe, na wapinzani hawakupata hata pointi moja. Ilikuwa kazi safi. Lakini 132 ni nyingi, jamani, na kocha angeweza kumtoa. Baada ya hapo bega halikuwa lile tena, na wengi wanaoufuatilia mchezo huu wameunyooshea kidole usiku ule. Msimu wa 2010 alipoteza michezo mitano na hakushinda hata mmoja. Mwishoni wakamtumia kama mtu wa kuingia kati, anarusha mipira michache na kutoka.

Hapa ndipo mkataba unapoingia. Katika besiboli ya Marekani mkataba wa namna ile ni wa uhakika: ukiumia kazini, unalipwa mpaka senti ya mwisho. Ukiacha mwenyewe, umeacha na hela zako. Meche alikuwa na njia mbili za kupata zile milioni 12 bila kumdhulumu mtu kisheria. Angeweza kupasuliwa bega tena na kukaa mwaka mzima akijiuguza, mshahara unaingia. Au angeweza kujikongoja, arushe vijipira vichache kwa wiki, na asubuhi ameze vidonge vya maumivu. Aliwaeleza waandishi wa habari kwamba aliposaini nia yake ilikuwa kuzifanyia kazi fedha zile, na alipoona hazifanyii kazi tena, alianza kujisikia vibaya. Kwamba ni fedha za kichaa kumlipa mtu ambaye hata harushi.

Sikilizeni Kiswahili chetu kinavyosema. Tuna neno haki na tuna neno halali. Haki ni kile ambacho ukikidai hakimu atakupa. Halali ni kile ambacho unaweza kukila usiku, peke yako, na kisikukwame kooni. Mara nyingi vinakwenda pamoja, ndiyo maana tunavichanganya. Halafu tuna stahili. Kijijini ukisema fulani amestahili, unamaanisha ameonyesha kitu. Ofisini ukisema fulani amelipwa stahili zake, unamaanisha karatasi zake zimetimia, hata kama mwaka mzima alikuwa anatundika koti kwenye kiti asubuhi na kuja kulichukua jioni. Neno ni lile lile. Sijui ni lini lilihama kutoka kwa mtu kwenda kwenye faili, lakini lilihama. Meche, kwa lugha hii, alikuwa na stahili zote za ofisini na akajiona hana stahili ya kijijini.

Ningeweza kuishia hapo na kumpigia makofi. Kinachonizuia ni mkono wa baba yangu.

Baba alikuwa fundi mitambo katika kiwanda ambacho sitakitaja. Nilikuwa darasa la sita mashine ilipomkata vidole viwili vya mkono wa kulia na kuchana kiganja. Akapewa likizo ya ugonjwa ya miezi mitatu yenye mshahara kamili. Ilikuwa haki yake, imeandikwa, imepigwa muhuri. Wiki ya tatu majirani wakaanza: "Mzee, bado upo tu? Raha iliyoje!" Wiki ya nne msimamizi wake akaja kumjulia hali, akakaa kwenye kochi letu, akanywa chai yetu, akatazama bandeji, akasema kwa upole kabisa kwamba wenzake kule kazini wanabeba mzigo wake. Hakusema rudi. Hakusema lolote ambalo ungeweza kumshitakia. Mama akamwambia, "Baba Neema, hiyo ni haki yako, tulia upone." Baba akajibu kwamba hawezi kula cha watu bure.

Alirudi kazini wiki ya sita na kidonda hakijafunga. Mkono ule mpaka leo haukunji ngumi.

Sasa niambie, ndugu msomaji, baba na Meche walifanya tofauti gani? Wote wawili waliumia kazini. Wote wawili walikuwa na karatasi. Wote wawili waliona aibu ya kulipwa wakiwa wamekaa. Ukiwasikiliza wanavyozungumza ungedhani ni mtu mmoja. Lakini habari ya Meche nikiisoma napata heshima, na ya baba nikiikumbuka napata hasira, na si kwa sababu baba ni wangu.

Tofauti moja ni ya wazi na yule mshikaji wa sahani aliisema kijiweni: Meche alishapokea zaidi ya dola milioni 40 kutoka klabu ile ile. Angeweza kununua utulivu wa roho kwa milioni 12 na bado watoto wake wakalala kitandani. Baba aliununua utulivu ule kwa mkono. Kitu ni kimoja, bei haikuwa moja. Hata hivyo hoja hii isitumike vibaya. Kushiba hakumfanyi mtu akatae, na tunawajua walioshiba mpaka shingoni na bado wanakomba sufuria. Dola milioni 12 ni dola milioni 12, na kwa wengi wa matajiri ndipo uchu unapoanzia.

Tofauti ya pili hatukuizungumza kijiweni, na nadhani ndiyo yenye uzito. Fedha ukizikataa haziyeyuki. Zinakwenda kwa mtu. Mwaka 2011 Royals ilikuwa mali ya David Glass, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Walmart, yale maduka makubwa ya Marekani ambayo sifa yake kuhusu mishahara ya wafanyakazi siyo ya kuimbia kaswida. Meche alipokataa, milioni 12 hazikwenda kwa wafagiaji wa uwanja wala kwa watoto wa Kansas City. Zilirudi kwa mwenye timu. Timu iliyompa kazi ya mipira 132 ilisamehewa gharama ya bega lililochakaa ikiitumikia, na aliyesamehe ni mwenye bega. Hakuna anayekumbuka kumwona tajiri akiona aibu upande wake, akisema jamani huyu kijana kaumia akinifanyia kazi, nimwongezee.

Immanuel Kant, yule Mjerumani, alitaka mtu akiamua jambo ajiulize: je, ningekubali hii iwe sheria kwa wote? Jaribu. Iwe sheria kwamba kila aliyeumia kazini aache mshahara wake kwa sababu hafanyi kazi. Utaona mara moja nani anasherehekea. Kifungu cha malipo ya majeruhi kiliwekwa kwa sababu kazi inavunja watu, na anayefaidika na kazi ndiye alipie kuvunjika kwao. Kwa maana hiyo zile milioni 12 hazikuwa malipo ya mipira ya mwaka 2011. Zilikuwa malipo ya mipira ya mwaka 2007, 2008 na usiku ule wa Juni, ambayo bei yake kamili ilikuwa haijajulikana ilipokuwa inarushwa. Meche alihesabu vibaya. Alidhani anakataa mshahara wa bure, kumbe alikuwa anakataa deni.

Hapo ningekuwa nimemaliza, na ningekuwa nimekosea, kwa sababu kuna mrushaji mwingine ambaye anaivuruga hesabu yangu.

Dave McNally alikuwa nyota hasa. Akiwa na Baltimore alishinda michezo 20 au zaidi kila msimu kuanzia 1968 hadi 1971. Mwaka 1975 alikuwa Montreal, na mkono ulikuwa umekwisha makali. Alikuwa ameshinda michezo mitatu na kupoteza sita. Juni mwaka huo akafunga mizigo akarudi kwao Billings, Montana, msimu ukiwa bado katikati. Kwa ufupi, alifanya alichokifanya Meche, miaka 35 na ushee kabla yake: akaona hawezi, akaondoka.

Lakini McNally alikuwa hajasaini mkataba wa mwaka ule, na hili lilikuwa na maana kubwa. Zamani zile mchezaji wa besiboli alikuwa kama mali ya klabu. Mkataba ulikuwa na kifungu kinachomruhusu mwenye timu kuurefusha kwa mwaka mmoja bila saini ya mchezaji, na wenye timu walikitafsiri kwamba wanaweza kuurefusha mwaka baada ya mwaka, mpaka siku ya kiama. Chama cha wachezaji, kikiongozwa na Marvin Miller, kikataka kukipinga mbele ya msuluhishi. Mrushaji mwingine, Andy Messersmith wa Los Angeles Dodgers, alikuwa tayari, lakini klabu yake ilikuwa bado inambembeleza asaini. Angesaini tu, kesi ingekufa. Kwa hiyo Miller akamwomba McNally, ambaye besiboli hakuwa na haja nayo tena, aweke jina lake pia. Akaliweka.

Ndipo rais wa klabu ya Montreal, John McHale, akafunga safari mpaka Billings. Alikuja na ofa: dola 25,000 kwa kuja tu kwenye kambi ya mazoezi, na mshahara wa dola 125,000 iwapo angebaki kikosini. Wakati ule wastani wa mshahara wa mchezaji wa ligi kuu ulikuwa kama dola 45,000 kwa mwaka. McNally alikuwa anajua kabisa kwamba mkono umekwisha. Angeweza kwenda kambini, akaota jua wiki mbili, akachukua elfu 25 zake na kurudi. Alikataa.

Tarehe 23 Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba kifungu kile ni cha mwaka mmoja tu, basi. Wachezaji wakawa huru kujiuza. Mwaka 2010 wastani wa mshahara ulikuwa umefika karibu dola milioni 3. Zile milioni 55 za Meche, pamoja na milioni 12 alizozikataa, mizizi yake iko pale Billings, kwa mtu aliyekataa dola 25,000.

Unaona kinachonisumbua? Wote wawili walikataa fedha wasizozirushia mpira. Mmoja kukataa kwake kuliwafungulia mlango wafanyakazi wenzake wote. Mwingine kukataa kwake kulimrudishia tajiri chenji yake. Roho, kwa kadiri ninavyoweza kuiona, ni ile ile: mtu mzima anayejua mkono wake umefika mwisho na hataki kujifanya. Kama wema unapimwa moyoni, wako sawa. Kama unapimwa kwa nani aliondoka na mkwanja, basi mmoja ni shujaa na mwingine ni mtu aliyetapeliwa na dhamiri yake mwenyewe.

Nimelala na swali hili siku nyingi, na nitasema ninavyoona, atakayebisha abishe. Mimi nadhani McNally alikuwa na kitu ambacho Meche hakuwa nacho, na baba hakuwa nacho pia. Alikuwa na watu. Miller alikuwa amempigia simu. Alijua kwamba jina lake liko kwenye karatasi moja na la mwenzake, na kwamba akichukua ile hela kuna wengine wataumia. Aibu yake ilikuwa na pa kwenda. Meche alikaa na aibu yake peke yake, yeye na bega lake, na mtu aliye peke yake akiulizana na dhamiri yake huwa anasahau kumwuliza mtu wa tatu aliyeko chumbani, mwenye fedha. Baba naye alikuwa kwenye kochi na msimamizi. Hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba mzigo wanaoubeba wenzake hakuuweka yeye, uliwekwa na kiwanda kilichokataa kuajiri mtu wa muda. Mama alijaribu kusema. Lakini mama tulimwona kama anatetea ugali wetu.

Ndiyo maana sipendi Meche afanywe mahubiri. Nimeshaona habari yake ikisimuliwa kwa sauti ya mchungaji, ati tazameni mtu mwaminifu, ninyi vijana mnaopenda vya bure. Yeye mwenyewe hakumhubiria mtu. Hakusema wachezaji wengine majeruhi wafanye kama yeye, wala hakujiita mtakatifu. Alisema tu hajisikii vizuri. Hilo ni jambo la mtu na bega lake, na naliheshimu kama ninavyoheshimu funga ya mtu mwingine: sitamwambia ale, na yeye asimwambie mwenye vidonda vya tumbo afunge.

Kwa upande wangu, kwa kuwa mtauliza, ningezichukua. Ningepasuliwa bega, ningekaa nyumbani na mkono shingoni, na kila mwisho wa mwezi ningesaini. Pengine ningempa baba nusu. Lakini najua pia kwamba jioni, timu ikicheza na kijana fulani amesimama pale nilipokuwa nasimama mimi, nisingewasha televisheni.

Nilimsimulia baba habari ya Meche mwaka jana. Alisikiliza yote, hata ya mipira 132, ingawa besiboli hajui inaliwa na nini. Akauliza kama yule kijana bega lake lilipona. Nikamwambia hakurudi tena kucheza, na kwamba hesabu yake ilifungwa kwenye michezo 84 ya kushinda na 83 ya kushindwa. Baba akasema, "Basi kamzidi kwa mmoja," akaomba chai, na kikombe akakipokea kwa mkono wa kushoto.